Wagonjwa wa Florida walisubirishwa bure

Ndugu Mhariri,

Novemba 2014 sisi wakazi wa Florida tuliulizwa kama bangi iruhusiwe kuwa dawa. Zaidi ya asilimia 57 ya waliopiga kura walisema ndiyo, na bado pendekezo likaanguka, kwa kuwa katiba ya jimbo inadai asilimia 60! Lilipita 2016, kwa asilimia 71.

Miaka miwili. Kwa mgonjwa wa saratani anayetapika usiku kucha kwa ukali wa matibabu, hiyo ni mingi mno. Mimi sivuti, wala sitaki wanangu wavute. Lakini daktari anayeaminiwa kuandika mofini, kwa nini alizuiwa kumruhusu mgonjwa wake bangi?

Msomaji wako,
Tampa, Florida