Kabla Hujawarudishia Skafu Yao

Baba Idi,

Assalaam aleikum. Huku sote wazima, ila joto, na bili ya umeme usiulize. Mpe salamu Mama Idi. Habari ya sufuria yake iko mwisho wa barua, asiruke mistari kuitafuta.

Ujumbe wako wa sauti wa juzi usiku nimeusikiliza wote, dakika kumi na moja. Sikukupigia kwa makusudi, maana wewe ukipigiwa simu unabisha, ukiandikiwa unasoma. Nilivyokuelewa, kero zako ni tatu. Skauti wa huko Ohio, Marekani, wamekuzuia kulala kambini Ijumaa ya wiki ijayo mpaka usajiliwe. Wamekwambia huwezi kulala hema moja na Idi, mwanao wa kumzaa. Na mwenyekiti wa kamati amekuandikia kwa sababu baada ya mkutano ulimpa lifti mtoto wa jirani. Ukamalizia kwamba utawarudishia skafu yao. Usirudishe kitu kwanza.

Tuanze na usajili, siku zinakwenda. Tangu tarehe 1 Septemba 2023, mtu mzima anayelala kwenye safari ya skauti lazima awe amesajiliwa, hata ikiwa ni usiku mmoja, hata ikiwa ni mzazi. Zamani kulikuwa na mwanya wa saa 72: mzazi anakuja Ijumaa, anaondoka Jumapili, hakuna anayemuuliza. Mwanya umezibwa. Huyo aliyekwambia "wewe njoo tu na begi lako" anakupa kanuni za enzi zile. Nafuu imebaki kwa wazazi wa wale wadogo, Cub Scouts, wanaolala na watoto wao wenyewe, na Idi kwa miaka yake 12 huko ameshatoka. Na usichanganyikiwe ukiona kwenye karatasi pameandikwa Scouting America. Ni Boy Scouts wale wale, jina lilibadilika Februari 2025.

Fungua akaunti kwenye my.scouting.org. Moja tu, nakuomba. Watu wengi hufungua ya pili wakisahau nywila ya kwanza, basi mafunzo yanaingia kwenye namba hii na usajili kwenye namba ile, na mfumo unakuona hujasoma chochote. Ukiwa ndani, anza na somo la kuwalinda watoto. Halilipiwi, lakini si la kusikiliza huku unaendesha. Kaa chini, jibu maswali, ukimaliza hifadhi cheti na uandike tarehe kitakapoisha. Halafu jaza ombi la mtu mzima, pamoja na ile karatasi ya pekee ya kukubali rekodi zako za uhalifu zichunguzwe. Hiyo ndiyo iliyokuudhi, najua. Kila mtu mzima anayesajiliwa anaisaini, hata angekuwa mchungaji wa kanisa mnalokutania.

Sasa jina, na hapa ndipo watu wa kwetu tunapokwama. Pasipoti ina majina matatu, leseni ina mawili, kadi ya Social Security, ile ya namba yako ya serikali, imelifanya jina la babu kuwa la ukoo, na yule karani wa uwanja wa ndege akatuongezea herufi zake. Andika kama lilivyo kwenye Social Security, herufi kwa herufi, na jina hilo hilo ulitumie kwenye akaunti. Yasipolingana, uchunguzi unasimama, na hakuna atakayekupigia kukwambia umesimama. Pia ombi halimaliziki kwa wewe kubonyeza "tuma". Lazima likubaliwe na uongozi wa kundi na lile shirika linalolimiliki kundi, kwa upande wenu kanisa. Mtafute mwakilishi wao, mwambie kuna ombi linamsubiri kwenye barua pepe. Mara nyingi linalala hapo wiki nzima.

Je, lisipopita kabla ya Ijumaa? Nenda Jumamosi mchana, pika chai, bebeni kuni, jua likizama rudi kulala kwako. Ila mchana huo usihesabiwe kati ya wale wawili.

Wale wawili ndio msingi wa mambo yote: viongozi wawili waliosajiliwa, kila mmoja na miaka 21 au zaidi, kwenye kila shughuli, hata mkutano wa saa moja wa Jumanne. Yule kijana wenu wa miaka 19 anayejua mafundo yote anaweza kusajiliwa kuwa msaidizi, lakini katika hesabu hiyo hayumo. Na wawili kwenye karatasi ni hesabu ya kujidanganya. Mtoto akishikwa na tumbo saa saba za usiku, nani anampeleka hospitali? Akienda mmoja, kambini amebaki mmoja, na ndani ya gari kuna mtu mzima mmoja na mtoto mmoja. Umevunja kanuni mbili kwa safari moja. Kwa hiyo ukiulizwa na kamati, sema wanne. Watatu ikibidi. Likija na lile kundi la wasichana, lazima awepo pia mwanamke aliyesajiliwa, miaka 21 au zaidi. Akipata dharura Ijumaa mchana na hakuna wa kushika nafasi yake, wasichana hawaendi. Safari nyingi hufia hapo, si kwenye mvua.

Sasa lifti. Hapa ndipo roho inapokuuma, nami sitajifanya sijui. Kwetu mtu akimpita mtoto wa jirani barabarani na gari lake tupu, kesho mtaa mzima unamjua roho yake. Huku kanuni inasema mtu mzima wa skauti asiwe peke yake na kijana asiye wake, ndani ya skauti wala nje. Huko "nje" ndiko kunakotushangaza, maana mtoto wa jirani ni wa jirani hata siku isiyo ya mkutano. Mwenyekiti hakukuita mhuni. Alikuandikia kwa sababu asingekuandikia, kosa lingekuwa lake.

Unajua walikotoka. Februari 2020 shirika lenyewe la skauti liliomba mahakama ulinzi wa mufilisi, madai ya unyanyasaji yakapita 82,000, na mpango wa fidia ulioanza kufanya kazi Aprili 2023 ukafika dola bilioni 2.46. Waliolalamikiwa hawakuwa majambazi wa kuruka ukuta. Walikuwa viongozi, watu walioaminiwa, wenye magari na moyo wa kusaidia. Mtu anayekuangalia kwenye maegesho hana kipimo cha kukutenga wewe na wale. Kipimo alichonacho ni kuhesabu vichwa ndani ya gari.

Basi uhesabu na wewe. Tuseme umebeba watatu: Idi, mtoto wa jirani, na yule mrefu. Nyumba yenu iko njiani, ukamshusha Idi kwanza, ukaendelea na wawili. Bado salama. Ukamshusha yule mrefu. Kosa limezaliwa hapo, kwenye dakika nne za mwisho, na ndizo ulizosahau wewe. Dawa yake ni Idi kubaki garini mpaka wa mwisho ashuke, hata akilalamika ana njaa. Asipokuwepo Idi, kila mzazi aje kuchukua mtoto wake pale pale mnapokutana. Mzazi akichelewa, mnamsubiri watu wazima wawili, nje, penye taa. Msiingie ndani ya gari "kwa sababu ya baridi" mkiwa wawili, wewe na mtoto. Najua baridi ya Ohio. Blanketi zipo.

Simu nayo ni gari. Kijana akikuandikia saa tatu usiku kuhusu beji yake ya kupika, usimjibu peke yake. Mweke mzazi wake au kiongozi mwingine kwenye mazungumzo, kisha jibu. Vivyo hivyo ukiombwa kuwa mshauri wa beji: usajili wake ni wa pekee, na kijana haji kwako bila mwenzake au mzazi.

Hema nalo lisikuumize kichwa. Kwenye ngazi ya Idi, watu wazima na vijana hulala mahema tofauti, baba na mwana wakiwemo. Mke na mume wanaruhusiwa hema moja, kama Mama Idi atakubali kulala chini, jambo ambalo silioni. Vijana wanaolala pamoja wasipishane zaidi ya miaka miwili, kwa hiyo Idi na mtoto wa jirani wa miaka 15 hawalali pamoja hata wakilia. Angalieni pia yule kijana wenu anayetimiza miaka 18: siku hiyo hiyo amekuwa mtu mzima. Somo na usajili vinamhusu, na rafiki yake wa miaka 17 aliyelala naye hema moja mwezi jana si wa hema lake tena. Wengi hulisahau hili kwa sababu sura ni ile ile.

Mambo mengine harakaharaka. Kofi hakuna, kubinya sikio hakuna, kumpigisha mtu magoti mbele ya wenzake hakuna, wala kumfanya kichekesho. Pombe hakuna, na sigara zako usizivute mbele ya vijana. Fomu ya afya ni ya kila mtu, wewe ukiwemo na presha yako: sehemu A na B kwa wikiendi, na C iliyosainiwa na daktari kwa kambi ya zaidi ya saa 72. Ile ya wiki nzima ya Julai inataka C, na ukienda kutafuta nafasi kwa daktari mwezi Juni utaambiwa Agosti.

Ulijisifu pia kwamba utawasimamia ziwani kwa sababu umezaliwa Mombasa. Baba Idi, kuruka baharini kutoka ukutani kule kwetu hakuhesabiwi. Yataka msimamizi aliyefunzwa, waokoaji, mtazamaji juu, na kila mwogaji apimwe: yadi 100, ambapo 75 ni kwa mtindo wenye nguvu na 25 chali kwa kupumzika, halafu aelee. Asiyejua kuogelea anabaki kwenye maji yasiyozidi futi tatu na nusu. Kila mmoja ana mwenzake, na takriban kila dakika kumi mnawaita washikane mikono muwahesabu. Nenda upimwe. Ukifeli, sitamwambia mtu. Nitamwambia Mzee Kombo tu.

Chakula: vijana ndio wanaopanga menyu na kununua, kikosi kwa kikosi. Habari ya halali isemwe kwenye mkutano wa kupanga menyu, kwa mdomo wa Idi mwenyewe, si kambini nyama ikiwa tayari kwenye moto. Aombe na kikaango chake. Na wakiunguza wali, usishike mwiko! Watu wazima wapya karibu wote huharibu hapa, wanapika vizuri na watoto wanakaa kutazama. Kaa kwenye kiti chako hatua hamsini kutoka kwao, uwaone, wakuone, unyamaze.

Lipo moja ambalo hukuniuliza. Ukiona au ukishuku mtoto anadhuriwa, na kambini au kwao ni mamoja, unawaarifu polisi au idara ya watoto wewe mwenyewe, siku hiyo hiyo. Kumwambia skautimasta, mkuu wa kundi, ukadhani umemaliza, hapana, jukumu halikabidhiwi. Na ile tabia yetu ya "tuyamalize kifamilia," kuita wazee, kunywa kahawa, hapa ni kosa, na sidhani hata kwetu ilikuwa…, basi, tuiache. Hilo tutaongea ana kwa ana.

Mwambie Mama Idi awaombe shemeji zako wa Nyeri wapite kwenye kaburi la Baden-Powell, yule mzee aliyeanzisha haya yote, wapige picha ile alama ya duara lenye nukta katikati. Kwa skauti maana yake "nimekwenda nyumbani". Kamati yenu wataipenda, na wewe unahitaji kupendwa kidogo wiki hii.

Ila narudi kwenye lifti, maana nakujua. Jumanne utatoka mkutanoni, theluji inaanguka, na yule mtoto amesimama peke yake mlangoni na kofia haina masikio. Utasema, dakika nne tu. Ndiyo maana nataka kabla ya Jumanne uwe umeshaongea na mama yake. Mwambie kanuni ilivyo bila kuomba radhi, mpange wewe utabeba nani na yeye atabeba nani, na Idi awepo garini. Akiwa na zamu ya usiku, atafute mzazi wa pili. Mkiyapanga Jumapili, Jumanne hakuna wa kuonewa huruma.

Sasa nijibu, na usinitumie dakika kumi na moja. Jina uliloandika kwenye akaunti ni la leseni au la Social Security? Mwakilishi wa kanisa umempata? Safari ya Ijumaa ina watu wazima wangapi waliosajiliwa, ukikutoa wewe? Wasichana wanakuja, na mama gani anakwenda nao? Idi kapangiwa hema na nani? Mwenyekiti umemjibu, au bado umenuna? Mzee Kombo alikulipa? Na ile sufuria ya Mama Idi ya kilo kumi, anaitaka kabla ya Ijumaa, au naweza kukaa nayo mpaka Eid?

Nduguyo,
Baba Shamsa