Barua ya wazi kwa Waziri wa Mipango ya Mji, Kaunti ya Nairobi: usitupunguze, tupangie

Mheshimiwa,

Viongozi wakizungumzia mitaa yetu ya Eastlands, huanza na msongamano na kumalizia na kutuhamisha. Tuko wengi mno, wanasema, kwa hivyo tupunguzwe. Mimi nimepanga chumba mtaa wa Pipeline, ghorofa ya sita, na nakuandikia kuipinga hesabu hiyo.

Sensa ya 2019 ilihesabu watu 4,397,073 hapa Nairobi, kama 6,250 kwa kila kilomita ya mraba. Wastani huo unaficha mengi. Mathare, huku mashariki, ilikuwa na karibu watu 69,000 kwa kilomita ya mraba, na Lang'ata, kusini magharibi, 911. Najua utaniambia Lang'ata imebeba Mbuga ya Wanyama, na simba hawalipi kodi ya nyumba. Haya, toa kilomita za mraba 117 za mbuga. Hata hivyo Lang'ata haifiki watu 2,000 kwa kilomita. Mpaka huo wa mashariki na magharibi hatukuuchora sisi wapangaji wa nyumba. Mkoloni aliwaweka Wazungu magharibi, kwenye miinuko yenye hewa baridi, na Waafrika akawasukuma mashariki, karibu na reli na viwanda. Bendera ilibadilishwa 1963, lakini bei ya ardhi inaufuata mpaka ule ule mpaka leo.

Na wingi peke yake hauui mji. Singapore imebanana kuliko Nairobi, na karibu wanane kati ya kila wakazi kumi wanaishi kwenye maghorofa ya shirika la nyumba la serikali lililoanzishwa 1960. Hatujasikia wakihamishwa kwa sababu ni wengi. Maghorofa yao yalikuja na mabomba, lifti na mahali pa watoto kuchezea.

Sasa njoo Pipeline saa sita mchana, jua likiwa la utosi. Ukivuka lango la ploti itabidi uwashe tochi ya simu. Korido ina vyumba pande zote mbili, na ukifungua dirisha la chumba cha nyuma unaweza kunyosha mkono ukagusa ukuta wa jirani. Balbu inawaka mchana kutwa, na tokeni ya umeme ananunua mpangaji. Nguo hazikauki popote isipokuwa juu ya paa, na huko huwezi kuanika ukaenda zako, utakuta kamba tupu. Basi mtoto anaachwa huko kulinda nguo. Anapanda na madaftari yake, maana ndiko anakoweza kuona anachoandika.

Jirani yetu alipozidiwa usiku mmoja, vijana walimteremsha kwa blanketi, kona baada ya kona, kwa sababu ngazi zetu hazipitishi machela. Gari nalo lilingoja barabarani, kichochoroni halikuweza kuingia. Sitaki hata kuwaza ungekuwa moto.

Maji huja kwa zamu. Wa chini hujaza mitungi, sisi wa juu tunabeba au tunanunua. Kila ghorofa inayoongezwa huleta vyoo vipya, ila bomba la maji taka ni lile lile la zamani, na likizidiwa hufumukia mbele ya kibanda cha mama mboga. Kifua kikuu nacho husambaa kwa hewa na hupenda vyumba visivyopitisha hewa. Zahanati itatupa dawa, tuzimeze, turudi kulala mle mle.

Utauliza kwa nini basi hatuhami. Kwa sababu kutoka hapa mtu anakwenda kibaruani Viwandani kwa miguu. Kwa sababu mama mboga anauza kwa kuwa wateja wamejaa juu ya kichwa chake, na mtoto akipotea korido nzima inatoka kumtafuta. Ukinipeleka Joska, huko Machakos, nauli itameza mshahara kabla ya unga.

Ninachoomba kiko kwenye muhuri wa ofisi yako. Usipigwe kwenye ramani ya ghorofa nane mpaka mtu awe ameonyesha maji yatatoka wapi, maji taka yatapita wapi, na nafasi gani imeachwa kati ya ukuta na ukuta. Idadi ya ghorofa zilizoidhinishwa ibandikwe langoni, kwa Kiswahili, kabla hatujalipa deposti. Sisi tunajua kuhesabu. Na mwenye ploti akizidisha, adhabu imfuate yeye. Kawaida jengo hupigwa alama nyekundu ya X, ya kubomolewa, kisha kodi ikaendelea kukusanywa kama kwamba hakuna kilichoandikwa. Huruma, Aprili 2016, jengo la kando ya mto liliporomoka baada ya mvua kubwa na watu zaidi ya 50 wakafa. Waliokufa walikuwa wapangaji.

Wala sikuombi jambo geni. Mwaka 2017 kaunti ilitangaza mtaa wa mabanda wa Mukuru kuwa eneo maalumu la mipango, na wakazi wakaketi kujadili barabara ipite wapi na bomba lipite wapi, wao wakiwa bado pale pale. Pipeline pia ina watu wanaoweza kuketi.

Siku hizi naona Kilimani na Kileleshwa, mitaa ya wenye nazo, wanalalamika kwamba maghorofa mapya yanawaziba jua. Wana haki, na wasikilizwe. Ila sheria itakayowarudishia jua lao isiishie huko.

Ukikubali kuja, acha msafara barabarani, kichochoro chetu hakiupitishi. Njoo mchana na orodha ya ploti zilizoidhinishwa mtaani kwetu, tupande hadi juu ya paa, tuhesabu ghorofa za kila jengo tukilinganisha na orodha. Keateka, mtunza jengo letu, ameahidi kutufungulia mlango.

Wako,
Mpangaji, ghorofa ya sita, Pipeline