Usilikate lile dude

Hamisi ndugu yangu,

Salamu tutapeana siku nyingine. Hiyo picha uliyonitumia, ya lile dude la chuma zito lililotoka zahanati: usilikate! Rajabu azime gesi, na yule kijana wa grainda akae mbali nalo.

Unasema dude lenyewe dogo ila watu wawili hawalinyanyui, ndani madini ya risasi tupu. Hapo ndipo niliposhtuka. Risasi yote hiyo haiwekwi kwa urembo, kuna kitu inakizuia. Mashine za zamani za kutibu saratani zilikuwa na kobalti au seziamu-137, metali zinazotoa mionzi. Hiyo seziamu hupatikana kwenye vinu vya nyuklia: kiini cha atomu ya urani, kuni ya vinu hivyo, kikipasuka, vipande vyake vingi havitulii, vinatoa mionzi, na hiki kimoja kinahitaji miaka 30 ukali wake upungue nusu. Nusu tu! Mashine inaweza kuwa imekufa zamani, seziamu bado inafanya kazi.

Goiânia, Brazili, Septemba 1987. Watu wa skrepa, wenzenu kabisa, walichomoa kichwa cha mashine kwenye jengo la kliniki iliyokwisha kuhama, wakakibomoa, wakakiuza. Ndani mlikuwa na unga wa hiyo hiyo seziamu, gramu 93 hivi, gizani unang'aa buluu. Mwenye yadi akaona ameokota mali, akawagawia ndugu na jamaa, wengine wakajipaka mwilini. Mtoto wa miaka 6 alikula chakula huku mikono ikiwa na huo unga. Akafa yeye, mke wa mwenye yadi na vijana wawili wa kazi. Na huyo mke ndiye aliyeshtukia kwamba kila aliyeugusa anaumwa. Mabaki yakapelekwa kwa wakubwa wa afya ndani ya mfuko, kwa basi la abiria. Watu 249 walikutwa na uchafu wa mionzi. Nyumba zikavunjwa, udongo ukachotwa.

Najua utasema nimeanza ualimu wangu. Pengine halina kitu. Lakini piga simu Tume ya Nguvu za Atomiki, Arusha, wana vipimo na ndiyo kazi yao. Hela ya risasi uisahau kwanza, la deni la Mama Zuhura tutaongea.

Lina alama ya njano yenye mapanga matatu kama feni? Limeshatobolewa? Nani kalishika, kuna anayetapika au aliyebabuka mikono? Wale watoto bado wanacheza hapo yadini? Na aliyekuuzia ni yule yule wa nyaya? Alikuwa na lingine?

Nipigie hata usiku.

Wako,
Seif