Mwanangu, ukisikia baridi sema

Baba yangu,

Safari hii siendi na wewe, unamuona mwenyewe mdogo wako hata arobaini hajatimiza, sa ntamuacha na nani. Utaenda na mjomba. Hii barua nimeiweka mfuko wa mbele wa begi pamoja na daftari lako la dripu, uisome mkishapita Tabora, hapo mjomba atakua kasinzia na we utakua umetulia.

Nataka tuongee kuhusu ile siku ulivyotetemeka na dripu ya kinga hospitali Dar. Tangu turudi Kigoma hatujaiongea na mi ndo nakwepa.

Ulikua umelala unahesabu matone kama kawaida yako, ukaniambia mama leo zinakimbia. Nikakwambia lala. Baadae nikaona vidole vya miguu umevikunja ndani ya zile soksi za bluu, mdomo unacheza, nikakuuliza unasikia baridi ukatikisa kichwa kua hapana, na mi badala ya kukushika hata shingo nikakwambia jikaze baba, we mwanaume, imebaki chupa moja tu. Ukajikaza. Ulijikaza mpaka kitanda kikawa kinagonga ukuta, ndo nesi akaja mbio akafunga kile kigurudumu cha kwenye mpira, kupima joto 39 na zaidi. Ulikua unaniangalia mimi, sio nesi, kama vile unaomba msamaha. Yani hilo jicho siwezi kulisahau.

Aliyekosea pale sio wewe. Nesi aliweka spidi ya safari iliyopita bila kuangalia, na mimi nilikufunga mdomo.

Dokta alinikalisha baadae akanielewesha. Kwanza tulikua tumechelewa, badala ya wiki nne zilipita karibu nane kwa sababu nauli haikupatikana, na mtu akikaa muda mrefu bila dawa mwili unaipokea kama mgeni. Pili ulikua na mafua na kikohozi, nilijua ila niliogopa wakituambia turudi siku nyingine tutalala wapi. Vile vijidudu vilivyojaa kifuani vikikutana na kinga nyingi zinazoingia kwa pamoja ndo mwili unapiga kelele, homa, kutetemeka, mgongo, kichwa, kichefuchefu. Tatu chupa ilikua ya kampuni nyingine, sio ile uliyoizoea. Hayo matatu yakikutana na spidi kubwa unapata kile ulichokipata. Akasema mara nyingi dawa yake ni rahisi tu, unafunga, unasubiri, unapewa panadoli na dawa ya aleji, ukitulia wanaanza tena polepole. Lakini lazima mtu aseme mapema.

Kesho yake kichwa kikakuuma hadi mwanga wa dirishani huutaki, na mimi mtu wa Kigoma, mtu akitetemeka akiumwa kichwa nawaza malaria tu, tukapima haipo. Kumbe hiyo dripu inaweza kuleta kichwa kikali hata siku mbili tatu baadae. Ila nisikudanganye, homa yoyote wewe unapimwa, malaria na vingine, usikubali mtu aseme aah ni ile dripu tu. Na kichwa kikiwa kikali na shingo inakaza mnarudi hospitali, hamkai nyumbani.

Uliwahi kuniuliza ile chupa ina nini nikakujibu dawa. Haikua jibu. Ile ni kinga za watu, baba. Watu maelfu wametoa maji ya damu, plazma wanaita, yakachanganywa yakasafishwa zikatolewa kinga. We una kilo 25, unahitaji kama gramu 10 mpaka 15 kila safari, na kila baada ya wiki tatu hivi nusu inakua imeshaisha mwilini, ndo maana tunapanda hilo treni kila mwezi. Mtoto wa kwanza kuandikwa na madaktari kua ana kitu kama chako, mwili kushindwa kutengeneza kinga zake, alikua na miaka 8, Marekani, mwaka 1952, dokta wake Ogden Bruton alipima damu akakuta kinga hizo hamna, akawa anamchoma kinga za watu wengine kila mwezi na yale maradhi yaliyokua yanamrudia yakaacha. Mi huwa namfikiria mama wa yule mtoto.

Na hii imepitia kwangu. Mama anaibeba haumwi, mtoto wa kiume ndo anaumwa. Miezi sita ya kwanza ulikua unaishi kwa kinga nilizokupa tumboni, zilipoisha ndo masikio yakaanza kutoa usaha, kifua hakiponi. Siku nyingine tutaliongea hili vizuri, sio kwenye barua.

Mjomba nimemwambia ya kwake. Unywe maji mengi kuanzia asubuhi, chupa ikitoka kwenye friji iachwe baridi iishe yenyewe wasiitikise, jina la dawa na namba ya chupa aandike kwenye daftari, na kama una kikohozi amwambie dokta KABLA hawajaanza hata kama itabidi mlale Dar wiki nzima. Hela ya kulala nimempa.

Wewe kazi yako ni kusema. Kuhesabu unajua kuliko mimi. Kwa dawa ya asilimia 10 dokta alisema kwa kilo zako inaanza kama mililita 12 kwa saa, na ule mpira wa watoto matone 60 ndo mililita moja, kwahiyo mwanzoni dakika nzima yanadondoka 12 tu. Wanaongeza kila nusu saa hivi wakikuona uko sawa. Ukiona zinakimbia mwanzoni sema. Ukisikia baridi kidogo tu, hata kama hujui ni baridi ya feni au ya nini, sema. Kifua kikibana, midomo ikivimba, vipele vya kuwasha, kizunguzungu, hapo usiseme, piga kelele, wafunge dripu hapohapo, kuna sindano ya adrenalini wanachoma pajani inafanya kazi haraka. Ukirudi mkojo ukiwa mweusi kama chai ya rangi au mguu ukauma na kuvimba mwambie mjomba, usione aibu.

Nesi akinuna mwache anune. Mtu yeyote akikwambia jikaze, hata mjomba, mwambie mama amekataa.

Migebuka nimekaanga iko kwenye kopo la bluu, kula wewe na mjomba kabla haijaharibika. Soksi zile nimezitoa, nimeweka nyingine nzito. Wakishakuwekea kanula, kile kimpira cha kwenye mshipa, nipigie kabla matone hayajaanza, tuhesabu wote dakika ya kwanza.

Mama yako