Maji ya uti wa mgongo yasimwagwe

Ndugu Mhariri,

Makala yenu ya wiki iliyopita kuhusu mashine za kusoma vinasaba ilinifurahisha, ila ilimwacha msomaji akidhani kwamba hospitali ikishapata mashine hiyo, kila mgonjwa wa homa ya ubongo atajulikana anaumwa nini. Nimefanya kazi ya maabara kwa zaidi ya miaka 30, nami naomba nafasi nieleze faida yake hasa iko wapi.

Mtoto akiletwa na homa, degedege na shingo iliyokakamaa, daktari humtoa maji ya uti wa mgongo, mililita moja au mbili, nasi huyapokea katika kijichupa kisichozidi kidole gumba. Yakiwa na ukungu kama maji yaliyooshewa mchele, aghalabu ni bakteria. Yakiwa maangavu, huku darubini ikionyesha chembe nyeupe nyingi kuliko kawaida, ndipo kazi inapoanza: tunapaka rangi, tunatia wino kutafuta fangasi, tunaotesha bakteria, na vitendanishi (kemikali za kupimia) vikiwapo tunapima PCR, yaani kipimo kinachotafuta vinasaba vya kimelea kilichotajwa, ya virusi viwili vitatu. Kila kipimo hujibu swali lake tu. Mara ngapi nimeandika "hakuna vimelea vilivyoonekana" ilhali mtoto yuko wodini hajitambui, siwezi kuhesabu.

Mashine ya kusoma vinasaba haihitaji kutajiwa kimelea kinachoshukiwa. Husoma kwa pamoja vinasaba vyote vilivyomo katika maji hayo; kompyuta huondoa vya mgonjwa mwenyewe, ambavyo ndivyo vingi mno, kisha hulinganisha mabaki na kumbukumbu za vimelea vinavyojulikana. Ndivyo ilivyobainika Ujerumani, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2015, kwamba wafugaji watatu wa kindi waliokufa kwa homa ya ubongo walikuwa na kirusi cha jamii iitwayo borna, ambacho hakuna daktari aliyekuwa akikitafuta.

Mfano unaotugusa zaidi ni wa Dhaka, Bangladesh, uliochapishwa mwaka 2019 na Dk. Senjuti Saha na wenzake. Walisoma maji ya uti wa mgongo ya wagonjwa 25 ambao chanzo cha ugonjwa wao hakikuwa kimejulikana, na katika watatu wakakuta chikungunya, ugonjwa unaoenezwa na mbu, uliokuwa umelipuka huko mwaka 2017 na ambao watu waliujua kwa maumivu ya viungo. (Jina lenyewe ni la Kimakonde, la mtu kujikunja kwa maumivu, tangu mlipuko wa mwaka 1952 katika uwanda wa Makonde.) Wakarudi kwenye friza, wakapima sampuli nyingine 472 za mwaka 2017, wakapata watoto 17 zaidi wenye chikungunya. Hao 17 hawakupatikana kwa mashine ya gharama, bali kwa PCR ya kawaida, kwa kuwa sasa walijua wanatafuta nini na kwa kuwa kuna mtu aliyekuwa ameyahifadhi maji hayo.

Katika hospitali niliyostaafia, kijichupa kikishatolewa majibu kilikwenda kwenye ndoo ya taka.

Sisemi kwamba mashine haikosei. Kirusi kinaweza kuwa kimekwisha kutoka kwenye maji siku yanapotolewa, vitendanishi vyenyewe huweza kubeba vinasaba vya bakteria wa mazingira, na wako wagonjwa ambao ubongo wao unashambuliwa na kinga ya mwili wao wenyewe, ambao hata wakisomwa mara kumi hakitapatikana kimelea. Chikungunya nayo haina dawa ya kuiua. Hata hivyo, daktari anayejua jina lake anaweza kuacha antibiotiki za bure, na bwana afya akajua mbu wa kuanza nao ni yule wa mchana, anayezaliana katika mapipa na makopo ya uani.

Wizara isingoje kila mkoa upate mashine. Iagize hospitali za rufaa ziweke akiba ya maji ya kila mgonjwa aliyekosa jibu katika friza ya nyuzi 80 chini ya sifuri, yakiwa na tarehe, umri na wilaya anakotoka, na kila baada ya miezi michache sehemu yake ipelekwe kwenye maabara yenye uwezo wa kuyasoma.

Wako,
Mteknolojia wa maabara mstaafu,
Mtwara