Fremu za baiskeli zisiishie kwenye mizani ya vyuma chakavu

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme na wanunuzi wa vyuma chakavu, na mafundi baiskeli wenzangu wa Mtwara na Lindi.

Kila wiki naona fremu nzima za Phoenix zikirushwa kwenye mizani pamoja na mabati na sufuria zilizotoboka. Inaniuma, maana fremu mbili za namna hiyo ndizo zilizomrudisha kaka yangu barabarani.

Kaka amepeleka samaki kwa baiskeli kutoka hapa Mikindani hadi Mtwara mjini tangu ujana wake, kilomita kama 10 kwenda na 10 kurudi. Mwaka juzi mgongo ukamgomea. Kuinamia usukani hata robo saa hakuweza. Nikamuundia baiskeli ya kuegemea: unakaa chini, mgongo umelala kwenye kiti, miguu umeinyoosha, na pedali ziko mbele ya gurudumu la mbele.

Nyuma ni fremu ya mtu mzima, mbele ni foku na tairi namba 20 ya baiskeli ya mtoto. Fremu ya pili niliikata kile kipande kinachoshika ekseli ya pedali, nikakichomelea kwenye bomba linalotangulia mbele. Mafundi, hapo kuweni makini. Toeni gololi na vikombe vyake kabla ya moto, la sivyo grisi inaungua na nyuzi za kufungia vikombe zinapinda. Halafu bomba la baiskeli ni jembamba. Mchomeleaji wetu alianza na rodi nene, akalitoboa. Tukaingiza ndani kipande cha bomba la siti, kama mfupa, ndipo tukachomelea kwa rodi nyembamba. Hata hivyo baada ya wiki mbili shingo ilipata ufa, kaka akaikokota kwa miguu hadi nyumbani. Nikaongeza pembetatu ya chuma kila upande. Mpaka leo imeshika.

Cheni ni mbili na nusu zilizounganishwa, zinapita chini ya kiti juu ya sproketi kuukuu niliyoifunga kwenye beringi. Kiti nimekisuka kwa vipande vya tyubu, mfano wa kitanda cha kamba, jasho lisikae mgongoni. Fremu zote mbili 12,000, baiskeli ya mtoto 8,000, cheni 15,000, kuchomelea 10,000. Jumla shilingi 45,000.

Mlimani huwezi kusimama juu ya pedali, kwa hiyo nyuma nimeweka sproketi kubwa. Na kwa kuwa iko chini, lazima iwe na ufito mrefu wenye kitambaa chekundu ili dereva wa lori akuone. Lakini msimu wa kusi, wakati sisi wengine tunaokwenda mjini tunapigana na upepo kifua wazi, kaka anapita chini yake.

Juzi mlinzi wa geti la ofisi moja mjini alimkatalia kuiegesha kwenye baiskeli za wenzake. Akamwambia, "Hii si baiskeli." Kaka alirudi kimya sana. Jioni mwanangu akatusomea kwenye simu kwamba mwaka 1933 Mfaransa Francis Faure alipanda baiskeli ya kuegemea huko Paris, akaenda zaidi ya kilomita 45 kwa saa moja na kuvunja rekodi iliyokuwapo tangu 1914. Mwaka uliofuata chama cha kimataifa cha mbio za baiskeli kikaziondoa baiskeli hizo kwenye mashindano yake. Kaka akaomba asomewe tena. Asubuhi akapakia samaki wake.

Kwa hiyo ndugu zangu wa mizani, kabla hamjaipima fremu, itazameni shingo na kile kipande cha ekseli. Kama havina ufa, wekeni pembeni. Mimi nitazinunua kwa bei ileile ya kilo na kuongeza 1,000 kwa kila moja. Na fundi anayetaka kupima vipimo vya baiskeli ya kaka aje jioni, kaka akisharudi kutoka sokoni.

Fundi baiskeli,
Mikindani, Mtwara.