Barua ya wazi kwa Mganga Mfawidhi: swichi ya mtandao ya koridoni nayo ipewe betri

Mganga Mfawidhi, shikamoo.

Nakuandikia kama mtoto wa mgonjwa, tena fundi wa mitandao ya kompyuta kwa kazi. Jina la hospitali sitalitaja, ukisoma utaitambua.

Jumanne iliyopita nilimleta mama kupima sukari. Alikuwa hajala tangu usiku, kama alivyoelekezwa. Tulikuwa dirishani tukisubiri namba ya malipo ili aingie maabara, umeme ukakatika. Jenereta lenu silidai neno: dakika haikuisha, taa zikawaka. Kompyuta za mapokezi hazikuzimika kabisa, kila moja ina UPS yake chini ya meza, yaani kisanduku cha betri kinachoshika umeme ukikatika. Lakini malipo yalisimama, dirisha la dawa likasimama, na madaktari wakawa hawaoni majibu ya maabara. "Mtandao hakuna, subirini." Asubuhi hiyo umeme ulikatika mara tatu. Mama alitolewa damu saa saba mchana, mikono ikimtetemeka.

Nikiwa kwenye benchi niliinua macho, nikaona chanzo. Juu ya mlango wa koridoni kuna kabati la chuma, na swichi ya mtandao iliyomo, kifaa kinachounganisha kompyuta zenu, imechomekwa moja kwa moja kwenye soketi ya ukutani. Kompyuta ya mapokezi haifiki kwenye seva, yaani kompyuta kuu inayotunza taarifa, wala maabara haimfikii daktari, bila kupita hapo. Umeme ukikatika hata kwa sekunde chache, swichi inazima, na ikiwaka huchukua dakika kadhaa kujipanga kabla ya kupitisha chochote. Tena inazima mara mbili kwa kila katizo: umeme unapoondoka, na umeme wa gridi unaporudi, jenereta likiuachia mzigo. Kwa hiyo makatizo matatu yalikuwa vifo sita vya mtandao. Fedha ya kulinda kompyuta mlishaitoa, na seva sina shaka mmeilinda. Kilichosahaulika ni hiki cha katikati.

Ombi langu ni UPS moja kwa kila kabati la mtandao. Swichi ya kawaida ya matundu 24 hula wati 20 hadi 30 hivi, pungufu ya balbu moja ya zamani. UPS ndogo ya VA 650 (VA ni kipimo cha uwezo wake), betri ikiwa mpya, inaibeba zaidi ya nusu saa, na ninyi mnahitaji dakika moja tu ya kuvuka hadi kwenye jenereta. Hesabu inabadilika pale swichi inapolisha umeme kamera na simu za mezani kupitia kebo ya mtandao, maana tundu moja linaweza kutoa wati 15 na zaidi. Hapo mzigo upimwe kwanza, kifaa kinunuliwe baadaye. Ruta na kigeuzi cha faiba, vifaa vinavyopitisha mtandao kuingia na kutoka, vichomekwe humo humo kwenye UPS, la sivyo tatizo litakuwa limehamishwa tu.

Na hili naomba ulisimamie mwenyewe: UPS hiyo isichomekwe birika wala printa. Printa ya leza ikipasha moto huvuta umeme mwingi kwa mkupuo, UPS ndogo inazidiwa na kuzima, na swichi inakwenda nayo.

Betri nazo zitengewe fungu. Za madini ya risasi, zinazotumika kwenye UPS nyingi, hudumu miaka 3 hadi 5, na joto la kabati lililofungwa huzila mapema zaidi. Nimefungua UPS nyingi ofisini kwa watu, taa ya kijani inawaka, betri ndani imevimba na haibebi hata sekunde kumi. Mtu mmoja apewe jukumu la kuchomoa plagi kila baada ya miezi mitatu, siku isiyo na kliniki, aone kama swichi inabaki hai. Tarehe ya kufungwa betri iandikwe juu ya kifaa kwa kalamu isiyofutika.

Mama anarudi kliniki mwezi ujao. Nitakuja naye, nimebeba kipimo changu cha wati. Ukiniruhusu, nitapima kila kabati bila malipo, mafundi wako wakiwepo.

Mtoto wa mgonjwa wako